UZI: Turbo ipi kwa injini ya rotari 13B kwenye ndege ya kujijengea? Tupige hesabu kwanza

#1 Bawa_la_Mbao

Wakuu, naomba mawazo yenye namba, si ya "weka kubwa tu itakaa sawa".

Ndege ni ya viti viwili. Injini ni Mazda 13B, rota mbili, cc 1,308, matundu ya ekzosi ya ukingoni kama yalivyotoka kiwandani, compression 9.4. Giaboksi ni 2.85:1, kwa hiyo injini ikiwa mizunguko 6,000 kwa dakika propela inazunguka 2,105. Injekta nne za cc 550 kwa dakika, kompyuta ya injini inasoma presha ya manifodi (bomba la kuingizia hewa). Propela ni ya kubadilika pembe.

Sitaki nguvu zaidi ya zile za chini. Ninachotaka ni presha ya manifodi ya usawa wa bahari, hPa 1,013, ibaki hiyohiyo mpaka futi 18,000.

Machaguo yaliyo mezani (turbo ni tabini ya ekzosi inayozungusha kompresa ya hewa):
– turbo moja ya RX-7 ya 1987–1991
– jozi ya turbo za RX-7 ya 1992 na kuendelea
– turbo ya kununua kando, ukubwa wa familia ya GT30
– turbo ndogo ya kisasa inayoamka mapema

Maswali: ipi? Westigeti (vali inayopitisha gesi ya ekzosi pembeni ya tabini) ya ndani au ya nje? Na intakula (kipozea hewa iliyobanwa) ni lazima kama sizidishi presha?

#2 HesabuKwanza

Mkuu, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja lengo. Wengi wanachagua turbo ya ndege kwa kuangalia hali ya kupaa, wakati mahali panapoamua ni kule juu. Ngoja nioneshe.

Kila mzunguko mmoja wa shafti, 13B inameza cc 1,308. Kwa mizunguko 6,000 ni lita 7,848 kwa dakika. Hewa ya nyuzi 20 kwa hPa 1,013 ina uzito wa kg 1.204 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo injini inakula takriban kg 9.45 kwa dakika, au paundi 20.8 kwa kuwa ramani nyingi za kompresa (michoro ya uwezo wake) zimeandikwa kwa paundi. Nimechukulia ujazaji wa asilimia 100. Kwa mchanganyiko wa hewa 12.5 kwa mafuta 1 na ulaji wa kg 0.25 kwa kila nguvu-farasi kwa saa, hapo una nguvu-farasi zipatazo 180.

Sasa njoo kwenye ramani. Ramani haitaki hewa halisi, inataka hewa iliyosahihishwa kwa presha na joto la mdomo wa kompresa. Nimeweka hasara ya hPa 20 kwenye chujio na mfereji wa kuingilia, na hPa 35 kwenye intakula na mabomba yake. Rejea ya ramani ni hPa 962 na nyuzi 30, kama watengenezaji wa turbo Garrett wanavyofanya.

Chini kabisa: uwiano wa presha 1.06, mtiririko paundi 20.
Futi 10,000 (nje hPa 697, nyuzi −5): uwiano 1.55, mtiririko paundi 28.
Futi 18,000 (nje hPa 506, nyuzi −21): uwiano 2.16, mtiririko paundi 37.6.

Injini ni ileile, hewa inayomezwa ni ileile, lakini kwenye ramani umesogea kutoka 20 mpaka karibu 38. Hewa ya kule juu imetanuka, na kompresa inapaswa kumeza ujazo mkubwa zaidi ili kupata kilo zilezile. Turbo iliyochaguliwa kwa paundi 20 itakuwa imekabwa kabla hujafika futi 15,000, na ukiilazimisha itazidisha mizunguko.

Kwa hiyo turbo ya RX-7 ya zamani iondoe kwenye orodha kwa lengo lako. Ilichaguliwa kwa gari la nguvu-farasi 182 hadi 200 barabarani. Kama lengo lingekuwa futi 8,000 ningekuwa mpole zaidi. Ya 1992, ile ya jozi inayopokezana, ni mbaya zaidi, si kwa sababu ya uwezo bali kwa sababu ya msitu wa mipira ya vakyumu na vali za umeme zinazoiongoza. Faida yake yote ni kuamka mapema kwenye mizunguko ya chini, jambo ambalo propela haikuombi.

Chora nukta hizo tatu kwenye ramani ya kila turbo unayoifikiria. Ya futi 18,000 iwe ndani ya kisiwa cha ufanisi wa asilimia 70 au zaidi, ya chini isiwe imeanguka nje ya ukingo wa kulia. Familia ya GT30 zenye 71 au 76 mwishoni mwa namba ndizo za kuanzia kuangalia (tarakimu hizo ni kipenyo cha nje cha gurudumu la kompresa kwa mm).

#3 Joto900

Naongezea upande wa moto, kwa sababu ndiko rotari inakotofautiana na injini za pistoni.

Tundu la ekzosi la ukingoni linafunguka ghafla, na gesi inatoka ikiwa bado na nguvu nyingi. Nyuzi 870 hadi 980 ni kawaida. Tafsiri yake ni kwamba tabini haitakosa nguvu kamwe. Tatizo lako litakuwa kuzitupa.

Hesabu ya futi 18,000. Kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70 inahitaji kW 14 hivi. Nikichukulia gesi ya nyuzi 900, tabini yenye ufanisi wa 65 na bomba la nyuma lenye hasara ndogo:

Tabini inayopitisha paundi 15 zilizosahihishwa: presha kabla ya tabini lazima ifike takriban hPa 1,380.
Tabini inayopitisha paundi 24: hPa 1,100 inatosha, na karibu asilimia 43 ya gesi inapita westigeti bila kufanya kazi yoyote.

Tazama hiyo ya pili. Hata juu kabisa ya lengo lako, tabini kubwa bado ina akiba. Na presha ya ekzosi imelingana karibu na ya manifodi, 1.1 kwa 1. Ndogo imekwenda 1.36.

Kwa nini tunajali? Rotari ya ekzosi ya ukingoni ina muda ambao tundu la kuingiza na la kutoa yote yako wazi. Presha ya ekzosi ikizidi, gesi iliyoungua inarudi kwenye chumba, inapasha mchanganyiko mpya, na unakaribia detonesheni (mlipuko usiodhibitiwa ndani ya chumba). Pistoni hustahimili kugonga kidogo. Sili ya ncha ya rota haistahimili: ikivunjika kipande kinatoka kwenye tundu la ekzosi na kituo kinachofuata ni gurudumu la tabini.

Kwa hiyo chukua nyumba ya tabini ya A/R (kipimo cha ukubwa wa njia yake ya gesi) 1.0 au zaidi, yenye njia mbili, kila rota na njia yake. Kuamka mapema usikuhesabu. Propela ikishaanza kuvuta, rotari iko juu ya 5,000 na turbo tayari iko macho.

#4 Kipima_Upepo

Na hizi turbo za kisasa zenye gurudumu la titani-alumini, kama BorgWarner EFR? Ni nyepesi, nyumba yake ya tabini ni ya chuma cha pua, na vali ya kutolea hewa imejengewa ndani.

#5 Joto900

Nyumba ya chuma cha pua naipenda, kwa sababu chuma cha kutupwa cha kawaida kwenye joto letu la saa nzima kinapasuka kwenye ulimi kati ya njia mbili. Gurudumu la titani-alumini silipendi kwenye rotari. Ni jepesi kweli, ila ni kavu: likigongwa na kipande kigumu linapukutika. Aloi ya nikeli, Inconel 713C au Mar-M 247, ni nzito lakini inavumilia zaidi. Wepesi wa gurudumu ni kwa ajili ya kuamka haraka, na tumeshakubaliana hatuhitaji.

#6 Mlinda_Presha

Hapa sasa tufike kwenye westigeti. Watu hutumia wiki kuchagua kompresa halafu westigeti wanachukua iliyopo dukani.

Ya ndani isahau. Ukiwa chini, lengo lako ni hPa 1,013 na nje ni hiyohiyo 1,013. Kompresa inahitaji kW 1 tu kufidia hasara za mabomba, na robo tatu ya gesi inabidi ipite pembeni, tena kwa tofauti ya presha ndogo. Nimepiga kwa hPa 100 kati ya manifodi ya ekzosi na bomba la nyuma: tundu linalohitajika ni cm² 23. Hiyo ni vali moja ya mm 54, au mbili za mm 38 (cm² 22.7). Kitundu cha westigeti ya ndani hakifiki popote karibu na hapo. Matokeo yake ni busti (presha inayoongezwa na turbo) inayopanda yenyewe wakati wa kupaa hata vali ikiwa wazi kabisa.

Kwa kuwa nyumba ina njia mbili, mbili za mm 38, moja kwa kila njia, ni safi zaidi. Gesi za rota mbili zisikutane kabla ya tabini. Tawi la kwenda kwenye vali lichomolewe kufuata mwelekeo wa gesi, pembe kali kadiri nafasi inavyoruhusu. Tawi la nyuzi 90 gesi inaliruka tu.

Jambo la pili, na hili ndilo linalowaangusha waliotoka kwenye magari. Westigeti ya gari inapima tofauti kati ya busti na hewa ya nje. Springi ya psi 4 (hPa 276) ukiwa chini inakupa 1,013 + 276 = 1,289. Futi 18,000 springi hiyohiyo inakupa 506 + 276 = 782. Yaani chini imezidisha, juu imepunguza. Kinyume kabisa cha ulichoomba.

Njia zinazofanya kazi:

Kidhibiti cha presha kamili, chenye kibofu kilichofungwa vakyumu ndani. Ndicho kinachotumika kwenye ndege za kiwandani. Kizito kidogo, hakihitaji umeme.

Kompyuta ya injini ikisoma sensa ya presha kamili na kuendesha vali ya umeme. Springi iwe laini kabisa, na umeme ukikatika vali iachie presha iende kufungua westigeti. Kagua hilo kwa mkono: chomoa waya, pulizia presha, vali ifunguke. Ila ujue hapa mpaka: kwa kufungua ukitumia busti peke yake, lazima kwanza kuwe na busti. Kama manifodi haijazidi hewa ya nje, hakuna kinachosukuma. Kwa hiyo mota ya umeme inayovuta mkono wa vali moja kwa moja ni bora kuliko vali ya hewa kwa matumizi yetu.

Kebo ya mkono kwa rubani. Nyepesi, rahisi, haina cha kuharibika. Gharama yake ni kazi: unapanda ukifunga kidogokidogo, na kabla ya kushuka unafungua. Ukisahau, presha inapanda jinsi hewa inavyokuwa nzito.

Vyovyote utakavyochagua, weka vali ya usalama kwenye bomba kati ya intakula na throtoli, ifunguke kwa hPa 70 hadi 100 juu ya kikomo chako. Iwe ya springi pamoja na kibofu cha vakyumu, ili nayo ipime presha kamili na isifunguke bure ukiwa juu. Isitegemee umeme wala akili ya mtu.

#7 Kipima_Upepo

Mbona kuna ujanja rahisi: chumba cha juu cha westigeti ukiunganishe na kopo lililozibwa ukiwa chini. Hapo rejea inabaki hPa 1,013 popote unapokwenda.

#8 Mlinda_Presha

Inabaki kama joto halibadiliki. Kopo likizibwa kwa nyuzi 15 halafu kaulingi (kifuniko cha injini) ikapanda nyuzi 80, presha ndani inafika 1,013 × 353 ÷ 288 = hPa 1,242. Umejiongezea busti ya hPa 229 bila kugusa kitu, na siku ya joto ndiyo itakayokuongezea zaidi. Kibofu cha vakyumu hakina hewa ya kupashwa, ndiyo maana viwanda vilikwenda huko.

#9 HesabuKwanza

Nijibu la intakula. Futi 18,000, hewa inaingia kwa −21 na inatoka kwenye kompresa kwa +68 (uwiano 2.16, ufanisi 70). Bila intakula unaingiza hewa ya nyuzi 68, na ukilinganisha na nyuzi 20 umepoteza asilimia 14 ya uzito wa hewa, ukaongeza hatari ya detonesheni. Kwa intakula ya ufanisi wa 55 tu unashuka hadi nyuzi 19.

Nimeweka 55 makusudi. Zinazotangazwa kwa 70 na zaidi zimepimwa chini. Futi 18,000 hewa ya kupozea ina uzito wa asilimia 57 tu ya ile ya chini.

Ukubwa wa kiini ni suala la mfereji kuliko kiini chenyewe. Kiini chembamba chenye uso mpana, mdomo mdogo unaotanuka polepole kufikia uso wake, na tundu la kutokea lenye eneo la kutosha. Kiini kinene kilichobandikwa nyuma ya tundu la wazi kinapitisha hewa pembeni na kubaki pambo.

#10 Kalenda_ya_Uzito

Samahani naingia kama mpinzani. Kabla ya kununua chochote, weka kwenye mizani: turbo kg 7–9, manifodi ya ekzosi kg 5–7, westigeti mbili na mabomba, intakula na mfereji, hozi za oili na maji, ngao za joto. Kg 20 zinafika haraka, zote mbele ya ukuta wa moto, na kitovu cha uzito kinasogea.

Halafu upozaji. Rotari inatupa joto jingi kwenye maji na oili, na karibu theluthi moja ya hilo ni oili kwa sababu rota zinapozwa kwa oili. Bila turbo, ukipanda nguvu inapungua na joto linapungua nalo. Kwa turbo unabaki na joto la usawa wa bahari kwenye hewa ya asilimia 57. Ubaridi wa nje unarudisha kiasi, si chote. Rejeta iliyokuwa inatosha shida kwa shida chini, ukipaa taratibu kwenda juu haitatosha.

Na futi 18,000 zenyewe: kanuni za Marekani zinamtaka rubani awe kwenye oksijeni muda wote juu ya futi 14,000, na 18,000 ndipo anga ya daraja A inapoanza. Kama safari zako halisi ni futi 9,000 hadi 12,000, ukiweka lengo 12,000 kila kitu kinakuwa kidogo na chepesi.

#11 HesabuKwanza

Hoja ya lengo naiunga mkono. Lakini usipunguze turbo sana kwa ajili yake. Kompresa yenye nafasi ya ziada haikugharimu chochote isipokuwa gramu mia chache, na tabini yenye nafasi inakupunguzia presha ya ekzosi.

#12 Joto900

Manifodi na viungo, maana hapa ndipo mifumo mingi inapofia.

Bomba la chuma cha pua la 304 lenye unene wa mm 3 ni la bei nafuu na linahimili kwa uzito wake. 321 ni bora kwa joto la kurudiarudia. Inconel 625 inakuruhusu kushuka hadi mm 1.5, uzito unapungua nusu, ila uchomeleaji wake unataka gesi ya argoni ndani ya bomba pia. Bila argoni ndani, mshono unakuwa na uchafu kama sukari upande usiouona, na ufa unaanzia hapo.

Kutanuka: bomba la 304 la mm 300 likipanda nyuzi 850 linarefuka karibu mm 4.8. Ukifunga turbo kwa nguvu mwisho mmoja kwenye injini na mwingine kwenye fremu ya kitanda cha injini, kitu lazima kipasuke. Turbo ibebwe na injini peke yake. Weka mkono wa kuisaidia kutoka kwenye bloku, wenye ncha za mipira ya chuma, ubebe uzito lakini uruhusu bomba kurefuka. Bomba la nyuma liwe na kiungo cha kuteleza.

Klampu za V: mwaka 2023 FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) ilitoa agizo kwa ndege zenye turbo kuhusu klampu zilizounganishwa kwa kuchomelewa nukta, zile za vipande vingi, zenye kikomo cha saa 500. Ndege ya kujijengea haibanwi sawasawa na hilo, lakini fizikia ni ileile. Klampu ya kutoka kwenye tabini ikiachia, una mwali wa nyuzi 900 unaoelekea kwenye ukuta wa moto na mabomba ya mafuta. Tumia klampu isiyochomelewa nukta, usiirudie ikishaonesha ufa au kupinda, na funga bomba la nyuma kwa waya wa usalama usiotegemea klampu hiyo.

Stadi za kwenye bloku ziwe za A286 au Inconel, nati za kujifunga za chuma chote. Nati zenye nailoni zinayeyuka, hili nalisema kwa kuwa bado linaonekana.

Sensa ya joto: aina ya K, mm 3, sm 3 hadi 5 kabla ya tabini, moja kwa kila njia. Kikomo cha kudumu ningeweka nyuzi 900. Sensa hizo huisha. Ikianza kusoma chini polepole usifurahi kwamba injini imepoa.

#13 Oili_Safi

Upande wa oili.

Beringi za mipira zinataka oili kidogo. Garrett wanapendekeza kikwazo cha inchi 0.035 hadi 0.040, yaani mm 0.9 hadi 1, na presha ya psi 40 hadi 45 kwenye mdomo wa turbo kwa mizunguko ya juu. Rotari ina presha kubwa ya oili kuliko hiyo, kwa hiyo usiruke kikwazo. Beringi za kawaida za bushi kwa ujumla hazihitaji. Weka chujio dogo kabla ya turbo, na kilikague, maana kikwazo cha mm 1 hakisamehe uchafu.

Kurudi ndiko kugumu zaidi. Oili inatoka turbo ikiwa povu na inarudi kwa uzito wake tu. Hozi ya saizi ya AN-10 au kubwa zaidi, iteremke mfululizo bila tumbo, iingie kwenye sampu (bakuli la oili la injini) juu ya usawa wa oili. Matundu ya ekzosi ya 13B yako chini ubavuni, na sampu ya ndege mara nyingi ni fupi. Ukijikuta turbo iko chini ya usawa wa oili, unahitaji pampu ya kuvuta.

Pampu hiyo ikifa, nyumba ya beringi inajaa, oili inapita kwenye sili kwenda kwenye tabini, na dakika chache baadaye huna oili kwenye injini ambayo rota zake zinapozwa nayo. Kama lazima uitumie, chagua inayoendeshwa na injini badala ya umeme. Ikiwa ya umeme, taa ya onyo isome presha ya mstari wa kurudi, si umeme wa mota. Mota inaweza kuzunguka huku giya ndani limekatika. Lakini kabla ya hayo yote jaribu kugeuza manifodi ili turbo ikae juu zaidi. Bomba likirefuka sm 15 hupotezi kitu cha maana.

Maji: turbo yenye njia ya maji iunganishwe, na hozi ya kutoka ipande mfululizo, ili baada ya kuzima maji yaendelee kuzunguka yenyewe.

#14 Bawa_la_Mbao

Shukrani sana wakuu. Nimeelewa. Vipi mafuta na taimingi (muda wa cheche)? Injekta nne za 550 zinatosha?

#15 Mlinda_Presha

Zinatosha. Kwa mchanganyiko wa 11.3 unachoma kg 50 kwa saa, kama lita 70. Nne za 550 zikiwa wazi muda wote ni lita 132, kwa hiyo uko kwenye asilimia 53. Ukipoteza jozi moja, mbili zilizobaki zina lita 66 tu, kwa hiyo utaratibu wa dharura uanze kwa kupunguza throtoli kabla ya kitu kingine. Wanaotaka jozi moja ibebe kila kitu hufunga 850 kwenye jozi ya pili.

Kidhibiti cha presha ya mafuta lazima kipate rejea kutoka manifodi. Mpira huo mdogo una hila: ukichomoka ukiwa chini, throtoli wazi kabisa, huoni kitu, maana manifodi na kaulingi zina presha moja. Futi 18,000 tofauti ni hPa 507. Kwa mfumo wa bar 3, mtiririko wa injekta unapungua asilimia 9, na 11.3 yako imekuwa 12.4 kwenye busti. Ufunge kwa klampu pande zote mbili, usitegemee kubana kwa mpira.

Taimingi: kwa hPa 1,013, plagi ya mbele digrii 20 kabla ya kilele cha mbano, ya nyuma ichelewe 10 hadi 15 zaidi. Ukiamua baadaye kuzidisha, punguza takribani digrii 1 kwa kila psi. Usicheleweshe kupita kiasi ukidhani unajilinda, kwa sababu kuchelewesha kunahamishia joto kwenye ekzosi na tabini ndiyo italipa. Plagi zote nne joto namba 9 (BUR9EQ), badala ya 7 mbele kama gari.

Kukonda kuliko kilele cha joto (kupunguza mafuta mpaka joto la ekzosi lipite kilele na kuanza kushuka) kunafanya kazi vizuri kwenye rotari, ila ufanye ukiwa chini ya hPa 900 za manifodi tu.

#16 Kipima_Upepo

Turbo ikikwama kabisa angani?

#17 Oili_Safi

Ndiyo sababu ya kuweka kilango cha hewa mbadala kati ya intakula na throtoli, cha bawaba na springi nyepesi, kinachofunguliwa na mvuto wa injini yenyewe. Busti inakifunga, mvuto unakifungua. Westigeti wazi, na injini inaendelea kama isiyo na turbo, ikiwa kompyuta inasoma presha ya manifodi. Iliyopangwa kwa pembe ya throtoli peke yake itamwaga mafuta kupita kiasi. Bomba la busti likichomoka, ni hivyohivyo.

Macho yasitoke kwenye geji ya oili. Turbo iliyokwama inaweza kuwa inaimwaga.

#18 Bawa_la_Mbao

Basi nimeamua: ukubwa wa GT30 namba 76, beringi za mipira, nyumba ya njia mbili ya chuma cha pua, A/R 1.0 au zaidi, westigeti mbili za mm 38 zenye mkono wa mota, kidhibiti kinachosoma presha kamili, vali ya usalama kwa hPa 1,100, intakula. Majaribio ya chini yaanze vipi?

#19 Mlinda_Presha

Kwa mpangilio huu.

Ziba mdomo wa kompresa, jaza mfumo wa kuingiza hPa 500 juu ya hewa ya nje ukiwa umezuia vali ya usalama na kilango mbadala, na upake maji ya sabuni kila kiungo. Kisha achia vali ya usalama na upime inafunguka wapi hasa.

Zungusha injini kwa stata bila mafuta wala moto mpaka oili itoke kwenye hozi ya kurudi ya turbo. Pima kiasi kwenye chupa ili ujue kikwazo hakijaziba.

Funga westigeti kwa waya zikiwa wazi kabisa. Ndege imefungwa, nenda mpaka throtoli yote. Presha ya manifodi ikizidi ya nje kwa zaidi ya hPa 50, westigeti haitoshi au tawi lake limekaa vibaya, na hapo usiendelee. Soma joto la njia zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya nyuzi 40, tafuta injekta au plagi kabla ya kulaumu turbo.

Zima, iache ipoe kabisa, kaza upya nati za manifodi na klampu. Zitakuwa zimelegea kidogo mara ya kwanza, ni kawaida. Mara ya tatu zikilegea tena, mkono wa kubebea turbo umekaa vibaya.

Baada ya hapo toa waya, ruhusu kidhibiti kifanye kazi. Na kwa kuwa chini huwezi kupata uwiano wa 2.16, kila mpando wa kwanza angani usimame kila futi 2,000 kwa dakika tatu: andika presha ya manifodi, presha kabla ya tabini, joto la hewa baada ya intakula, oili na maji. Toboa tundu la kupimia presha ya ekzosi sasa, kabla manifodi haijafungwa, na uliunganishe na bomba la shaba la mita moja lililozungushwa ili geji isiungue.